Safari ya Theluji Tuliyoikariri

Watu wa klabu yetu bado wanasema ni mimi niliyeiharibu safari. Wanasema hivyo sokoni Jabe, mbele ya meza yangu, huku wakipapasa suruali wasizonunua, kana kwamba masikio yangu nayo nimeyauza. Basi nami nitaandika. Shule niliiacha mapema, ila kuandika ninaandika, na kukumbuka hakuna mwalimu aliyenifundisha. Majina sitayataja, maana watoto wao ni wateja wangu na hawana kosa. Lakini nani alifanya nini nitasema, na mwenye kujijua atajijua.

Mimi ni muuza chagua, nguo za mitumba. Naishi Cibitoke, ile ya humu mjini Bujumbura, katika vyumba alivyoniachia marehemu mume wangu. Klabu yetu ni ya siporo. Jumapili asubuhi tunatoka kwetu tukikimbia, tunapanda hadi Kiriri kwenye nyumba za wakubwa, tukiimba na kupiga makofi, kisha tunashuka kunywa kitu mahali pamoja. Nilijiunga baada ya kufiwa, kwa sababu dokta alitaja presha, na kwa sababu Jumapili haiishi kwa mtu anayekaa peke yake.

Nilikuwa na mdogo wangu mmoja tu. Tulizaliwa wengi, krizi, ile vita ya wenyewe kwa wenyewe, ikatuacha wawili. Wakati tunakimbia nchi alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Kipande cha bomu kilimpata nyongani, na tulipofika kambini ng'ambo ya mpaka, watu wa misaada walimpandisha ndege pamoja na watoto wengine wenye vidonda. Walisema atatibiwa, kisha atarudishwa. Hakurudishwa. Alikulia huko Ulaya, kwenye nchi ya milima mirefu, akasoma, akaolewa, akaachika. Halafu figo zake zikafa. Akawa mtu wa kulazwa kando ya mashine inayomsafisha damu, leo ndiyo, kesho hapana, keshokutwa ndiyo tena. Mtu wa namna hiyo hapandi ndege kuja Bujumbura. Kama tungeonana, ni mimi wa kwenda.

Nilikuwa nimeomba viza mara mbili. Nilisema ukweli wote: ni mgonjwa, ni mdogo wangu, nataka kumwona kabla hajafa. Mara zote mbili walinikatalia. Mjane, hana shamba, hana mshahara, nini kitamrudisha? Hilo nalo ni kosa la mtu, ingawa mtu mwenyewe sikumwona, niliona mhuri tu.

Kwa hiyo habari ya theluji ilipokuja, wenzangu walisikia theluji. Mimi nilisikia mdogo wangu.

Ilikuja kwa simu. Kijana mmoja aliyekuwa akikimbia nasi zamani aliondoka, akapata kazi ya kuosha vyombo kwenye hoteli moja huko milimani. Jumapili moja, tukiwa tumekaa na jasho letu, alimpigia mwenyekiti, ambaye sisi tunamwita prezida. Prezida ni mstaafu wa serikali. Anakaa chini kidogo ya Kiriri na anapenda tuseme anakaa Kiriri. Akaiweka simu mezani, sauti juu, ili wote tujue anapigiwa kutoka Ulaya.

"Prezida, sikia," kijana akasema. "Huku baridi ikikaribia kuisha, wenye pesa wanarudi kwao, nyumba zinabaki bure. Kuko nyumba moja ya makundi. Munapika wenyewe, munalala vitanda vya juu na chini kama mu internati ya shule. Mukikuja wengi, bei inashuka sana. Viatu na mbao munakodisha ile ya zamani."

"Mbao ya nini?"

"Ya kutelezea, muzee! Ski! Munafunga mu miguu, munashuka mulima."

Fundi alikuwa amekaa karibu yangu. Huyu ni fundi wa magari, Mwislamu wa Buyenzi, mtu wa mdomo. Akainamia simu: "We mutoto, mi kushuka mulima bila breki nafanya kila siku na magari ya watu. Wanilipe mimi!"

Tulicheka. Kijana naye alicheka huko kwenye sinki lake. Kisha akataja mji ulio chini ya mlima huo, mahali ambapo treni inafikia. Ulikuwa mji wa mdogo wangu. Niliweka chupa chini, nikawaambia wote, pale pale, kwa sauti: "Kule ndiko iko mudogo wangu." Wakashangilia. Prezida mwenyewe alinipigia makofi. Kumbukeni hilo.

Tangu siku hiyo klabu iliingiwa na wazimu wa kupanga. Kila kitu kilitafutiwa njia ya bei ndogo. Tuliamua kwenda wiki ya mwisho ya msimu, hata kama theluji itakuwa imeanza kulainika, maana nusu ya bei na theluji ya tope ni bora kuliko theluji ngumu tusiyoiweza. Tuliamua kupika kwa zamu. Wengine walitaka kubeba ndagala, wale samaki wadogo wakavu wa ziwa letu, kijana akapiga kelele kwenye simu: "Musilete ndagala! Harufu ikitoka inje, mutafukuzwa mu nyumba na mi mutanifukuzisha kazi!" Tukakubaliana maharagwe na unga wa muhogo.

Mambo ya afya yalishikwa na muuguzi wa klabu, mama wa dispansari mwenye sauti kama kengele ya shule. Alitupima presha wote tukiwa tumepanga foleni barazani kwake. Alisema huu hautakuwa msafara wa bia. Mlimani ni maji na uji, pombe inampoza mtu ndani huku ikimdanganya kuwa ana joto. Waliolalamika aliwaambia wabaki na bia zao hapa. Alisema wenye sukari wale kabla ya kupanda, wenye magoti mabovu watembee tu kwenye njia, wasivae mbao. Alisema pia tupake mafuta ya jua usoni.

"Siye?" fundi akasema. "Jua letu lote hili halijanichoma, nikachomwe na la wazungu?"

"Theluji inarudisha jua usoni, we mujinga. Macho itakuwa nyekundu kama ya mulevi."

"Basi bibi yangu nyumbani hatajua tofauti."

Nguo zilikuwa kazi yangu. Kwenye marobota huwa zinakuja nguo za theluji, hakuna anayezitaka isipokuwa watu wa pikipiki za asubuhi. Nilianza kuziweka kando: makoti ya manyoya ya ndani, suruali zenye mikanda ya mabegani, glovu za mkono mmoja mmoja ambazo nilizioanisha kwa ukubwa bila kujali rangi. Nilimpatia kila mtu kwa bei ile niliyonunulia, sikuongeza kitu. Hilo nalo wamelisahau.

Jumapili tulivaa ili kujizoesha. Muuguzi alisema viatu vya huko vinakubana kifundo, goti lazima lijifunze kukaa limekunjwa. Basi tulishuka Kiriri tumepinda magoti kama watu wanaotafuta choo, jua linatupiga, makoti yanatoka maji, na walinzi wa mageti wametoka nje kutuangalia.

"Eh, wazee! Hayo makoti mumeibia wapi?" mlinzi mmoja akauliza.

"Tunaenda Ulaya!" muuguzi akajibu bila kusimama.

"Kwa miguu?"

Nilicheka hadi nikakaa kando ya barabara. Nasema hivi ili ijulikane kwamba nami nilikuwa na furaha. Sikuwa mchawi wa safari yao.

Sasa nifike kwenye kosa.

Ilipokaribia siku ya kwenda kuhojiwa ubalozini, prezida alituita. Alisimama, akavua kofia, jambo ambalo hafanyi. Akasema: "Kundi linalosema maneno mawili, linakufa. Munajua wenyewe. Mimi kwenye barieri yangu tulikuwa wengi, tulisema neno moja, tukapita. Waliokuja nyuma yetu, huyu alisema natoka sokoni, huyu akasema natoka kanisani. Munajua."

Hakuna aliyeuliza kilichowapata. Kila mtu wa umri wetu katika mji huu ana barieri yake, kizuizi cha njiani cha wakati wa krizi ambako jibu baya liliua.

Yangu ilikuwa kwenye njia ya kwenda mpakani. Tulikuwa watu wa mitaa mbalimbali tuliokutana njiani, tukakubaliana tuseme tunatoka msibani. Baba alikuwa nyuma kabisa, amejitwika mzigo, makubaliano hayakumfikia. Walipomuuliza alisema anahamia kwa shemeji yake. Wakamvuta kando. Wakatugeukia: "Huyu ni wenu?" Shangazi alinifinya mkono mpaka kucha ikaingia. Tukajibu wote kwa kinywa kimoja: hatumjui. Mdogo wangu alikuwa mgongoni mwangu. Nilimsikia anavuta pumzi ili aite, nikaurudisha mkono nyuma na kumkandamiza uso wake begani kwangu. Tukapita.

Wenye hatia ya damu ile ni wale vijana waliosimama na mapanga, na aliyewapa mapanga, na aliyempa huyo amri. Mmoja wao leo anauza simenti na mabati, ana tumbo na heshima, watu wanampisha njia. Sijamsamehe. Wala simwombi mtu msamaha kwa jibu lile, lilikuwa jibu la watu wazima lililowekwa kinywani mwa msichana.

Kwa hiyo prezida aliposema neno moja, sote tulielewa kwa tumbo, si kwa kichwa. Jibu alilitunga yeye: "Tunaenda kufanya michezo ya theluji kwa ajili ya afya, tutarudi kulijenga taifa, hatuna ndugu huko." Tulilikariri kwa mwendo wa mbio. Badala ya nyimbo zetu, Jumapili zile tulipanda mlima tukiitikia hilo: kwa ajili ya afya, kulijenga taifa, hatuna ndugu huko. Vijana waliliwekea makofi.

Nilimfuata prezida pembeni. Niliyosema nayakumbuka neno kwa neno.

"Prezida, jina langu liko mu mashine yao ya viza. Nilisema mudogo wangu mara mbili. Mi siwezi kusema sina ndugu."

"Mama, ile ilikuwa viza ya kutembelea. Hii ni ya likizo. Ni ofisi mbili. Hazisemezani."

"Na zikisemezana?"

Akacheka, akanishika bega kama mtoto. "Mi nimefanya kazi mu serikali mpaka mvi. Nakwambia, ofisi hazisemezani."

Na ni kweli, zile za kwake hazikusemezana. Alifanya kazi maisha yake yote mahali ambapo jalada haliwezi kuvuka korido bila mtu wa kulibeba, na anayelibeba awe amekunywa chai. Akadhani dunia yote iko hivyo.

Nikajaribu tena. "Basi mi nijibu yangu. Niseme ukweli."

Hapo uso ukambadilika. "Mutu moja akisema iko na ndugu kule, wote tunakuwa wakimbizi. We unataka kuvunja kundi? Kama unataka, toka sasa, uende peke yako kama zamani. Ulifika wapi?"

Muuguzi alikuwa anasikia. Yule mwenye sauti ya kengele, siku hiyo sauti ilikwenda wapi? Alitazama chupa. Fundi ndiye aliyesema, "Prezida, mama anasema kitu ya akili." Prezida akamjibu arudi kwenye magari yake. Nawaandika muuguzi na fundi hapa, mmoja kwa kutosema na mwingine kwa kusema mara moja tu.

Nikabaki ndani ya kundi. Peke yangu nilikuwa nimeshafika kwenye mhuri, sikuwa na mahali pengine pa kwenda.

Ubalozini tuliingia mmoja mmoja. Nje ya mlango tuliketi kwenye benchi, tumevaa nguo za misa. Kila aliyetoka alifunga jicho kidogo, maana yake amesema kama tulivyokubaliana. Tulikuwa tumefurahi. Mnisikie: tulikuwa tunaona tunavyopita. Kila jicho lililofungwa lilikuwa kama mtu mmoja zaidi aliyevuka.

Zamu yangu ikafika. Dirishani alikuwa mwanamke wa kizungu, si mzee, amechoka. Kando yake kijana wa kwetu, wa kutafsiri. Aliniuliza naenda kufanya nini.

Nikasema: "Tunaenda kufanya michezo ya theluji kwa ajili ya afya, tutarudi kulijenga taifa, hatuna ndugu huko."

Yule mwanamke akaacha kuandika. Akamwambia kijana kitu kwa Kifaransa. Kijana akanitazama kwa huruma, na huruma ya kijana aliyevaa tai ni kitu kibaya. Akasema: "Mama, wote waliopita wamesema hivyo hivyo. Hata kabla hajauliza habari ya ndugu, wamesema hawana. Anauliza, nani aliwafundisha?"

Nikauweka mkoba wangu kando ya dirisha.

"Anauliza tena. Mama iko na ndugu kule?"

Hapa ndipo wenzangu wanaposema nilikuwa na nafasi. Wanasema wao hawakuwa ndani, lakini wangesema hivi, wangesema vile. Niliona mlango nyuma yangu, najua benchi lote liko nje ya mlango ule, na jibu langu ni jibu lao. Nikahisi kwenye mkono pale pale, juu ya kiwiko, kucha ya shangazi aliyekwisha kuoza zamani.

"Sina," nikasema.

Mwanamke akageuza ile mashine yake, kioo kikanitazama. Kulikuwa na picha yangu, ile ya ombi la kwanza, nikiwa na kitambaa cha msiba kichwani. Chini yake, jina la mdogo wangu, mtaa wake, ugonjwa wake. Akauliza kwa sauti ndogo tu, bila hasira, na kijana akatafsiri akiangalia meza:

"Anasema, huyu ni nani?"

Mdomo ulikuwa tayari na neno, lile la barieri, hatumjui, lilikuja lenyewe mpaka kwenye meno. Nililiuma. Nikashika mkoba wangu nikatoka. Kwenye benchi walingoja nifunge jicho. Nikawapita.

Walitukatalia wote. Wenzangu waliandikiwa kwamba sababu za safari hazikuaminika. Mimi peke yangu niliandikiwa kwamba nimesema uongo, na uongo wa namna hiyo unakaa kwenye mashine yao miaka, unamngoja mtu. Mgonjwa wangu hakuwa na miaka ya kungoja.

Klabu ilikutana. Sikuketi. Prezida alianza kwa upole, namna ya mtu anayenoa kisu kwa mate: "Tulikuwa tunaenda vizuri, mpaka kulipoonekana kwamba kuko mutu alificha mambo yake."

"Nilificha?" nikasema. "Mbele ya chupa hizi sikusema mudogo wangu iko kule? We si ulipiga makofi?"

"Mama, tusipandishe sauti."

"Si ulinikamata hapa," nikajishika bega, "ukasema ofisi hazisemezani? Muuguzi, si ulikuwepo?"

Muuguzi akasema hakumbuki vizuri. Mwanamke anayekumbuka presha ya kila mmoja wetu.

Kukatokea makelele. Mmoja akasema nirudishe pesa za makoti. Fundi akamwambia arudishe kwanza jasho alilolitia ndani yake. Hakuna aliyecheka. Mwishoni prezida alisema, kwa ajili ya usalama wa klabu, jina langu lisiwe tena kwenye daftari la wanachama, maana wakiomba tena, litawavuta chini. Akaomba mikono. Mikono ikapanda. Neno moja, kinywa kimoja.

Mdogo wangu nilimpigia siku iliyofuata. Lugha yetu kwake imebaki ya kitoto, anaongea kama aliyeachwa pale pale mgongoni. Nilimwambia wamekataa. Sikumwambia nilijibu nini.

"Wote?" akauliza.

"Wote."

"Niliomba zamu ya mashine, wanisogezee. Ile siku munafika nikuwe huru." Nikamsikia akikohoa. "Niwaambie warudishe zamu?"

"Waambie."

"Haya, dada."

Tuliendelea kuongea simu, lakini alianza kuuliza habari za watu tu, hakuuliza tena nakuja lini. Nilimshukuru kwa hilo, na lilinikata.

Msimu mwingine wa theluji ulifika, na klabu iliomba tena, kundi dogo la watu wanne. Prezida alikuwamo. Safari hiyo, mnajua aliwaambia nini? Aliwaambia kila mtu aseme yake, kwa maneno yake. Wakapata. Wote wanne. Somo hilo alilipata wapi? Alilipata kwangu. Halijamgharimu hata kifungo cha shati.

Picha ilikuja kwenye simu za watu: prezida amevaa koti la bluu nililomchagulia mimi kutoka robota langu, amesimama juu ya mbao, magoti yamepinda, mdomo wazi. Ameichapisha, iko ukutani pale wanapokunywa Jumapili. Mimi sipiti upande ule.

Fundi naye alikuwa mmoja wa wale wanne. Siku moja wenzake wakiwa mlimani, alishuka na treni kwenda mjini, akamtafuta mdogo wangu. Sikumtuma. Niliona aibu kumtuma, na nadhani niliona wivu. Alimkuta hospitali, kwenye mashine, akakaa kando ya kitanda. Alinipigia kwa video ili tuonane, lakini mahali palikuwa na mtandao mbaya, nikaona mto mweupe, kipande cha nywele, kisha picha ikasimama. Sauti ikasema, "Dada, huyu mutu wako anachekesha." Basi. Nilimchukia fundi saa ile, mtu aliyenifanyia wema. Nilimchukia kwa sababu ya kiti alichokalia.

Mdogo wangu alifariki miezi michache baadaye, mvua za kwanza zilipoanza huku. Walimzika wao, kwa taratibu zao. Nilikaa msibani nyumbani kwangu bila mwili. Watu wa Jabe walikuja, majirani walikuja. Klabu ilimtuma muuguzi na bahasha. Nilipokea bahasha, kiti sikumpa. Prezida alituma salamu kwamba yuko pamoja nami. Nilimwambia muuguzi: "Kamwambie nimesikia. Na kamwambie nani alimnyima huyu marehemu ndugu yake." Sijui kama alimwambia. Sasa ameandikiwa.

Fundi alikuja mwenyewe, akakaa chini kwenye mkeka, kofia magotini. Hakuwa na mzaha. Nilingoja watu wapungue.

"We ndiye ulimuona," nikamwambia. "Mi nilimuona akiwa mutoto. Niambie."

"Mama, nimekwambia mara nyingi."

"Uliniambia alicheka. Niambie ile hukuniambia."

Akatazama mlangoni. "Alikuwa mudogo sana," akasema. "Mu kitanda haukuona kama kuko mutu. Mikono ilikuwa imevimba, upande wa sindano. Walimuletea chai, akanipa mimi kwanza, akasema kule kwetu mugeni anaanza. Halafu akashika yake."

"Alishika namna gani?"

"Chai?"

"Kikombe. Alishika namna gani?"

Palikuwa na glasi ya maji kwenye mkeka. Fundi akaichukua kwa mikono yote miwili, vidole vimefungana mbele yake, akaileta karibu na kifua, hakuinywa, aliikumbatia tu kama mtu anayesikia baridi ambayo wengine chumbani hawaisikii.

"Hivi," akasema.

Akataka kuiweka chini.

"Ngoja," nikamwambia. "Kaa hivyo kidogo."

Akakaa hivyo, na mimi nikatazama.